Barua ya Hodi

Ipo nchi iitwayo Shwarini. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na sababu si kwamba haipo. Siku ndege ya wachora ramani ilipopita juu yake, kulikuwa na moshi kidogo. Serikali ililisikitikia sana jambo hilo, ikaunda tume, na tume baada ya miaka miwili ikagundua kuwa kosa lilikuwa la ndege: ilipita bila kupiga hodi.

Maana hodi, katika nchi hiyo, si neno la mlangoni tu. Ni nguzo ya dola. Kwa hiyo ilipoundwa Mamlaka ya Hewa, yenye jengo la ghorofa kumi na mbili na madirisha yasiyofunguka, na wito wake ukachorwa ukutani kwa rangi ya samawati, "Vuta Pumzi, Tumeshakagua", sheria ya kwanza kutungwa haikuwa ya moshi. Ilikuwa Sheria ya Adabu za Ukaguzi, na ilikuwa fupi ili hata waheshimiwa waimalize. Kifungu cha kwanza: Mgeni asiyepiga hodi ni mwizi. Kifungu cha pili: Kwa hiyo mkaguzi hatafika kiwandani ila baada ya kupeleka barua ya hodi siku kumi na nne kabla. Kifungu cha tatu: Hodi hupigwa getini, asiye na geti hapigiwi hodi.

Chande Mfaume, Mkaguzi Daraja la Tatu, alivijua vifungu hivyo kwa ghibu. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia na dhamiri moja, na vyote viwili alivitunza kwa kutovitumia sana. Kazi yake ilikuwa kuukagua mji wa Tandavumbi, ambako kilikuwapo kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu chenye dohani refu kuliko minara yote ya mji. Kila miezi mitatu aliandika barua ya hodi, akasubiri siku kumi na nne, akapanda basi na kipimo cha Mamlaka mapajani kama amebeba mtoto wa watu, akafika, akapima, akaandika: Safi Sana. Miaka kumi na moja.

Na kweli ilikuwa safi. Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Chande hakuwahi kuandika namba ya uongo hata mara moja.

*

Kiwanda kikipata barua ya hodi kilifanya kama afanyavyo mwenye nyumba mstaarabu: kilifagia. Tanuri zilizimwa tangu jana yake, masizi yakasuguliwa, wafanyakazi wakavishwa makoti meupe, na chini ya dohani kukawekwa vyungu vya maua vilivyoazimwa kwa mwenye duka la harusi. Mji mzima ulijua. Mlinzi wa getini alimwambia mkewe, mkewe akaenda kisimani, na kisima hakina siri.

Basi siku ya Chande kufika ikawa sikukuu isiyoandikwa kwenye kalenda. Nguo za miezi mitatu zilianikwa siku hiyo. Ndoa zilifungwa siku hiyo, ili bibi harusi awe mweupe mpaka jioni. Vichanga vilivyozaliwa tangu ukaguzi uliopita vilitolewa nje kuoneshwa jua, vikapiga chafya kwa mshangao. Na Chande aliposhuka kwenye basi, wanawake walimpokea kwa wimbo:

Mleta hewa kafika, madirisha fungueni,
Wagonjwa wapate toka, majamvi yatandikeni,
Chenye unyevu anika, watoto watawazeni,
Leo kifua chacheka, kesho twarejea ndani.

Chande alitabasamu, akapunga mkono, akausikia mstari wa mwisho kila mara, na kila mara akajifanya kuwa upepo umeuchukua.

Maana alijua. Mwaka wa tatu wa kazi yake alisahau chaja ya kipimo kwenye nyumba ya wageni ya kiwanda, akarudi kesho yake kuichukua. Basi lilipofika kilimani, pale ambapo Tandavumbi huonekana yote, hakuiona Tandavumbi. Aliona blanketi. Lilikuwa jeusi, zito, limelala juu ya mapaa, na katikati yake dohani likitapika kama mlevi. Mtoto mmoja alikuwa amekaa kando ya njia, puani ana michirizi miwili myeusi kama ya wino. Chande alimwambia dereva, "Nimekosea basi," akavuka barabara, akapanda la kurudi. Ofisini aliandika kuwa chaja imeibwa. Kwa wizi huo wa chaja Mamlaka ilifanya uchunguzi wa miezi saba, na ndio uchunguzi mrefu kuliko wote iliowahi kufanya.

Kuanzia hapo alikuwa akilala na dirisha wazi, hata wakati wa mvua, na mkewe akidhani ni joto.

*

Mtu aliyempa tabu zaidi alikuwa Bi. Sikudhani, mkaanga mihogo, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara mbele ya kiwanda. Mwaka wa kwanza wa kazi, Chande kijana mwenye bidii, alikiweka kipimo shubiri moja kutoka kwenye jiko la mama huyo. Kipimo kilipiga kelele. Kibanda hakikuwa na geti, kwa hiyo hodi haikuhitajika. Chande akaandika "Hatari kwa Taifa", jiko likachukuliwa na gari la Mamlaka lenye king'ora, na picha yake ikatoka gazetini chini ya maneno: "Mamlaka Yang'oa Mzizi wa Moshi."

Bi. Sikudhani alilitazama jiko lake likienda, akafunga mihogo iliyobaki kwenye gazeti, akampa. "Chukua, mwanangu. Safari ndefu, usiende na njaa."

Mihogo ile Chande aliila. Ilikuwa mitamu. Ingekuwa michungu angelala vizuri zaidi.

Tangu siku ile, kila alipokuja, mama huyo (alishanunua jiko jingine, dogo, la kuficha) alimwita ndani kwake, nyuma ya kibanda. Humo alikuwamo mumewe, Mzee Farahani, aliyefanya kazi kwenye tanuri miaka ishirini na moja mpaka kifua kikakataa. Siku za kawaida alilala chumbani, nyufa za dirisha zimezibwa kwa vitambaa vibichi. Siku ya ukaguzi kitanda kilitolewa uani, na mzee akafufuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mleta Hewa. Kaa hapa. Sogea, usiniwekee kivuli, jua lenyewe la mkopo." Akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika. "Unajua, mwanangu, mke wangu huyu mimi humwona mara nne tu kwa mwaka. Siku nyingine namsikia."

"Na hizo mara nne zinakutosha," alidakia Bi. Sikudhani. "Ukiniona zaidi utaomba talaka."

"Msikilize! Yaani hewa ikiwa nzuri na ulimi wake unanolewa." Mzee alicheka, na hakukohoa. Kisha akamgeukia Chande kwa macho ya mtu aliyewaza jambo siku nyingi gizani. "Hebu nikuulize. Hizi barua za hodi, anaandika nani?"

"Ninaandika mimi."

"Kuna mtu anakuhesabia?"

"Hapana. Sheria haisemi mwisho."

"Karatasi zipo?"

"Zipo, mzee. Kwetu karatasi ndiyo kitu pekee kisichoisha."

"Basi, baba," alisema Mzee Farahani, kwa upole kama anayemwelekeza mtoto namna ya kufunga kamba za viatu, "unasubiri nini?"

*

Wiki ile Chande aliandika barua ya hodi ya mwezi uliofuata. Halafu ya wiki moja baada ya hiyo. Halafu, mkono ulipopata joto, akaandika za kila Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, akazibandika stempu, akazituma kwa mpigo. Kiwanda kilishangaa, lakini adabu ni adabu: aliyepigiwa hodi hufagia. Tanuri zikazimwa Jumatatu. Zikazimwa Jumanne. Meneja akayanunua kabisa yale maua.

Tandavumbi ikaanza kuwa na rangi. Watu waligundua kuwa msikiti wao ulikuwa wa kijani. Mzee Farahani alitoka uani akafika barabarani, siku nyingine akafika kwa kinyozi, akarudi amenyolewa na umbea wa mtaa mzima. Bi. Sikudhani alilalamika kwa majirani kuwa mumewe sasa anamwona karibu kila siku na ameanza kumkosoa anavyovaa, na alipokuwa akilalamika alicheka peke yake.

Chande naye alisafiri kila barua ilipomtaka. Alipima, akaandika Safi Sana. Akajiambia kwamba deni la miaka kumi na moja sasa analilipa kwa mwendo wa haraka. Alianza kulala dirisha likiwa limefungwa.

Siku ya ripoti ya thelathini na nane ya mwaka ule aliitwa ghorofa ya kumi na mbili.

*

Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hewa, Dk. Shangwe Mapambio, alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kutosha mikutano miwili. Mezani kwake kulikuwa na jalada la Tandavumbi, nene kama mto wa kulalia.

"Chande! Kaa, kaa. La, usikae, nikukumbatie kwanza." Akamkumbatia. "Wenye kiwanda wamekuja kwangu wanalia. Barua, barua, barua! Nikasema, ngoja nione huyu mkaguzi ana ugomvi gani nao. Nikafungua jalada. Nimeona nini?"

"Umeona nini, mheshimiwa?"

"Safi Sana! Safi Sana! Safi Sana! Mara thelathini na nane mwaka huu peke yake! Nilisoma mpaka machozi yakanitoka. Hakuna hewa kama hii duniani. Hii si hewa tena, ni mhitimu. Na mhitimu, Chande, harudishwi darasani." Alichomoa karatasi yenye muhuri. "Tandavumbi imefuzu. Kuanzia sasa haikaguliwi tena kwa miaka kumi. Na kwa kuwa hewa yenyewe ni nyingi na safi, na imekaa bure, tunawapa kibali cha kuongeza madohani matatu."

Chande aliutazama muhuri. "Mheshimiwa, zile siku nyingine…"

"Zipi?"

"Zile ambazo mimi sipo."

"Kama hukuwapo," aliuliza Dk. Mapambio kwa upendo wa dhati, "umejuaje?"

Chande alifungua kinywa. Jibu lilikuwapo. Lilikuwa na kilima, na basi, na mtoto mwenye michirizi miwili puani. Alikifunga kinywa.

"Wewe ndiye uliyetufikisha hapa," alisema Mkurugenzi, akimpigapiga begani. "Bila wewe tusingekuwa na ushahidi. Mkutano wa wadau utafanyika hukohuko Tandavumbi. Barua ya hodi nimeshaipeleka mwenyewe."

*

Siku ya mkutano anga la Tandavumbi lilikuwa limetakata kama sahani ya mgeni. Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa mpira, viti vya mbele vikawa na vitambaa, na vya nyuma havikuwa viti. Kipimo kiliwekwa juu ya meza, kimezungushiwa utepe. Chande alikaa nyuma yake, kwa kuwa yeye ndiye mbebaji.

Dk. Mapambio alihutubia saa moja na nusu. Alisema taifa lisilo na dohani ni kama mwanamume asiye na masharubu. Alisema katika kumbukumbu zote za Mamlaka uchafuzi pekee uliowahi kuthibitishwa Tandavumbi ni wa jiko moja la mihogo, nao ulikomeshwa kwa ujasiri. Watu wakageuka kumtazama Bi. Sikudhani, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi na mumewe. Mwisho, kwa kasi ya mtu anayesoma onyo kwenye chupa ya dawa, Mkurugenzi akasoma sharti la sheria: kibali kitaanza baada ya siku kumi na nne, isipokuwa kikiwasilishwa kipimo kinyume, kilichochukuliwa kwa chombo cha Mamlaka, chenye sahihi ya mkaguzi na sahihi ya mkazi mmoja.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza, akikunja karatasi.

Chande alisimama. Hakukumbuka kuiamuru miguu.

"Ninalo mimi."

"Mkaguzi wetu! Makofi!"

Makofi yakapigwa, na ya nyuma yalikuwa ya kweli, jambo lililomuumiza zaidi. Akasubiri yaishe. "Ripoti zangu zote mzitupe," alisema. "Nimepima siku ambazo tanuri zimezimwa. Nimewapigia hodi wakafagia, nami nikapima ufagio. Hapa kuna moshi. Kila siku nisipokuwapo kuna moshi unaofunika mapaa."

Dk. Mapambio hakukasirika. Alitoka chini ya turubai, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama juu. Waheshimiwa wote wakatoka, wakatazama juu. Dohani lilisimama kimya na maua yake. Juu kabisa mwewe mmoja alikuwa akizunguka bila haraka.

"Moshi gani, Bwana Chande?" aliuliza. "Hebu tuoneshe."

Watu wa mbele walicheka. Watu wa nyuma hawakucheka. Katikati ya kimya chao alisimama Bi. Sikudhani, akijifunga kanga upya kiunoni.

"Mwanangu, umesema kila siku usipokuwapo kuna moshi. Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Niliuona mwenyewe."

"Lini?"

Hapo angeweza kusema juzi. Wangemsamehe ya juzi. "Mwaka wa tatu," alisema. "Nilirudi kufuata kitu nilichosahau. Nilifika kilimani, nikaona, nikageuza."

Bi. Sikudhani alikaza fundo la kanga. "Sisi tulikuwa tunakuonea huruma," alisema, na hakupaza sauti. "Tulikuwa tunaambizana, maskini kijana wa watu, yeye huja siku njema tu, atajuaje? Tukakutungia wimbo ili upate kuelewa bila kukuaibisha. Mume wangu akasema, mtu mwenye moyo kama huyu angejua, asingelala. Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na mihogo yangu ukala."

"Nilikula, mama."

Mzee Farahani alikuwa akitazama nyasi, na mkono wake ulishika pindo la kanga ya mkewe.

*

Mkutano ulifungwa kwa wimbo wa taifa, ubeti mmoja tu, kwa sababu ya haraka. Meneja alikuwa ameahidiwa kuwa saa kumi kamili atawasha. Dk. Mapambio, mguu mmoja ukiwa ndani ya gari, alimnyoshea Chande kidole.

"Umefukuzwa kazi!"

"Mheshimiwa," karani wake alimnong'oneza, "sheria ya adabu. Kumfukuza nako ni kumwendea mtu. Lazima barua ya hodi, siku kumi na nne."

"Basi utafukuzwa! Jiandae!" Mlango ukafungwa, msafara ukaondoka, vioo vimepandishwa mpaka juu.

Kwa hiyo Chande alibaki uwanjani akiwa bado Mkaguzi Daraja la Tatu wa Jamhuri ya Shwarini, na kipimo mkononi, na watu wakikunja majamvi kumzunguka kama wanavyozunguka shimo. Walikuwa wakikimbilia nyumbani. Madirisha yalisikika yakifungwa, moja baada ya jingine, mtaa mzima.

Saa kumi king'ora kililia. Dohani lilikohoa mara mbili, likatoa uzi mwembamba wa kijivu, kisha likafunguka. Moshi ulipanda, ukakuta anga limejaa mwanga, ukaufunika. Halafu ukashuka.

Chande alivuka barabara mpaka getini pa kiwanda. Hakupiga hodi. Alikata utepe wa kipimo kwa meno, akakiwasha, akakiinua. Kipimo kililia kama siku ile ya jiko, ila jiko lilikuwa umbali wa shubiri moja, na dohani hili lilikuwa juu mno, na bado kililia zaidi. Mlinzi alitoka mbio. "We bwana! Barua yako iko wapi?"

"Sina."

"Huna barua?" Mlinzi alishika kichwa. Katika miaka yake yote ya lindo hakufundishwa la kufanya. Akarudi ndani kuuliza, na wa ndani nao hawakufundishwa.

Machozi yakimtoka, sehemu kwa moshi, Chande aliandika namba. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: Safi, Safi Sana, na Safi Kupindukia. Alichora cha nne kwa kalamu, akakiandikia "Chafu", akakitia alama. Akasaini. Ilibaki nafasi ya mkazi.

Alibisha mlango wa kwanza, haukufunguliwa. Wa pili ulifunguliwa kidogo, ukafungwa. Alipofika kwenye kibanda cha mihogo alisimama nje, akikohoa, hakuthubutu kubisha. Ndani alimsikia Mzee Farahani. Kikohozi kile kilikuwa kinaanzia mbali, kama mtu anayeburuta mnyororo kutoka chumba cha nyuma.

Bi. Sikudhani alitoka na kitambaa kibichi mkononi, akaja kuziba ufa wa mlango. Akamwona. Akaiona karatasi.

"Mama, nisamehe…"

"Nipe kalamu."

"Nilitaka tu kusema…"

"Nimesema nipe kalamu."

Akampa. Aliiweka karatasi juu ya ubao wa kukatia mihogo, akaandika jina lake lote polepole, na jina la baba yake, na la babu yake, kisha akaandika kazi: mkaanga mihogo. Alipuliza wino ukauke. Akamrudishia karatasi kwa mkono wa kushoto.

"Hii nimesaini kwa ajili ya yule aliyeko ndani," alisema. "Ifikishe. Siku kumi na nne si nyingi. Lakini wewe, Bwana Mkaguzi, ukipita hapa tena, pita upande ule wa barabara."

Chande aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa suti ya kahawia. Upande ule wa barabara haukuonekana tena kwa moshi. Akavuka.